Kigoda Kikuukuu Ni Mwalimu

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maana yake ni kwamba kila chombo kifaacho kina kazi iliyofichika ndani yake, na mtu atakaye kuijua kazi hiyo hana budi kukitazama chombo chenyewe, wala haitoshi kusikia habari zake tu. Katika nchi ya Usukuma, kando ya Ziwa Viktoria, wako vijana watakao kujifunza kazi ya kuchonga mti. Mikono yao ina nguvu, na tezo na patasi wanazo. Lakini wakiulizwa, "Mfano wako uko wapi?" wengi huonyesha picha katika kitabu au katika simu, au kinyago kipya kilichochongwa kwa haraka ili kiuzwe kwa wasafiri. Hapo ndipo kosa lianzapo. Mfano bora wa kujifunzia ni kitu kikuukuu, kilichotumika nyumbani miaka mingi. Walakini kitu cha namna hiyo kina adabu yake ya kutafutwa, na asiyeijua adabu hiyo aweza kuwa mwizi huku akijidhani kuwa mwanafunzi.

Na afikiriwe kijana mmoja wa Usagara, pale njia ya kwenda Geita inapoachana na njia ya kwenda Shinyanga. Kijana huyo si mtu fulani, ni mfano tu. Ameona picha ya kigoda, akaipenda. Akakata gogo bichi, akalichonga siku mbili, akakipa kigoda chake miguu minne kwa kuwa viti vya shuleni vina miguu minne. Akakiweka juani kikauke. Siku ya tatu akasikia mlio kama wa kijiti kivunjikacho, na alipokwenda kutazama aliona ufa umetoka katikati ya kigoda hata ukingoni. Tena, alipokikalia juu ya sakafu ya udongo, kigoda kiliyumba huku na huku. Basi kijana akasema moyoni mwake kwamba gogo lile lilikuwa baya.

Jioni akaenda kwa babu yake, akamkuta amekaa juu ya kigoda chake mlangoni. Kigoda hicho kilikuwa na umri kupita umri wa baba wa kijana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za kazi?"

"Kazi imenishinda, babu. Naomba nikitazame kigoda chako."

Mzee akainuka, akampa. "Kitazame," akasema. "Lakini ukikitazama juu utaona alama yangu mimi niliyekikalia. Kigeuze, uone alama ya aliyekichonga."

Neno hilo la mzee lina mafundisho makubwa, kwa maana picha haigeuki. Picha huonyesha upande mmoja tu, nao ni upande ambao mchongaji alitaka uonekane. Bali chini ya kigoda, mahali pasipopigwa msasa wala kupakwa mafuta, alama za tezo zimebaki kama nyayo njiani. Hapo mwanafunzi aweza kuona mchongaji alianza wapi, alikata kwa kufuata mwendo wa nyuzi za mti au kwa kuukingama, na ni wapi alipolaza tezo lake ili asipasue. Aweza pia kupima unene wa kiti, akaona kwamba katikati ni pembamba na penye kuungana na miguu ni pazito, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa mtu unapolemea. Tena ataona kwamba kigoda hakina msumari wala kiungo. Kiti na miguu vyote vimetoka katika gogo moja.

Kisha atahesabu miguu, naye ataona kwamba ni mitatu. Jambo hili si desturi tupu, ni akili. Kitu chenye miguu mitatu hukaa imara hata sakafu ikiwa na mabonde, kwa sababu ncha tatu hazikosi kugusa chini zote pamoja. Kitu chenye miguu minne chahitaji sakafu iliyosawazishwa. Isipokuwa hivyo, mguu mmoja huning'inia na kitu chayumba. Mzee aliyechonga kigoda kile labda hakusoma hesabu za maumbo katika kitabu, lakini aliijua sakafu ya nyumba yake.

Mwisho kijana ataona ufa mdogo wa zamani, umetulia, haukuendelea. Akiuliza, ataambiwa kwamba mti mbichi hukauka upesi zaidi penye vichwa vya gogo, mahali nyuzi zilipokatwa, kuliko ubavuni. Sehemu moja ikikauka na kusinyaa kabla ya nyingine, mti hupasuka. Kwa hiyo fundi mwenye busara huweka gogo kivulini, huziba vichwa vyake kwa kitu cha kuzuia unyevu usitoke kwa haraka, naye hungoja. Kungoja huko hakuonekani katika picha yo yote. Basi gogo la kijana halikuwa baya. Jua na haraka ndivyo vilivyoliharibu.

Wako watu wasemao, "Siku hizi vyombo vyote vizuri vya kale vimewekwa katika nyumba za makumbusho, na picha zake zapatikana kwa urahisi. Ya nini kusumbua wazee?" Neno hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba huko Berlin, katika Ujerumani, kiko kiti kirefu cha enzi cha Wanyamwezi, majirani na ndugu wa Wasukuma, chenye umbo la mtu lililochongwa katika egemeo lake. Kilichukuliwa zama za utawala wa Wajerumani, na picha yake imechapishwa katika vitabu vingi. Lakini mwana wa mchongaji wa Unyamwezi au Usukuma hawezi kukigeuza kiti hicho, wala kupitisha kidole chini yake, wala kumwuliza mtu aliyekikalia. Picha yamwonyesha jinsi kiti kilivyo. Haimwonyeshi jinsi kilivyotengenezwa. Kwake kigoda cha babu mlangoni, ingawa ni cha mtu wa kawaida, chafaa kuliko kiti cha enzi kilicho mbali.

Tena yafaa vijana wafahamu kwa nini vitu hivi vinaadimika. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya watemi, na vyombo vya utemi, yaani viti na ngoma na fimbo, vikakosa kazi. Katika miaka ya 1973 hata 1976 watu wengi wa nchi hii walihamishwa ili wakae katika vijiji vya pamoja, na mtu ahamaye hubeba mtama na watoto kwanza. Vyombo vizito vya mti huachwa nyuma. Mabakuli ya mti yalishindwa na mabakuli ya bati, na ya bati yakashindwa na ya plastiki. Walikuwako pia waliofundisha kwamba kila sanamu ya mti ni kitu cha uchawi, na kwa ajili ya mafundisho hayo nyingi zikatiwa motoni, hata zile zilizokuwa za mchezo tu. Kwa maana vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, viliposhindana kuvuta watazamaji, wachezaji walitumia hata sanamu za mti zenye viungo vya kuchezeshwa, ili watu wacheke na kustaajabu. Mchwa na bungua nao hawakulala. Kwa hiyo kila kitu kikuukuu kilichosalia ni kama mzee wa mwisho ajuaye lugha fulani, na mtu mwenye akili hamwachi afe bila kuulizwa.

Basi vitafutwe wapi? Kwanza, nyumbani. Kinu kilichotupwa nyuma ya jiko, mwiko mweusi kwa moshi, bao la kuchezea, mpini wa jembe uliolainishwa na kiganja: vyote hivi ni kazi ya kuchonga, na kila kimoja kina somo. Mwanafunzi asidhani kwamba ni vinyago vyenye sura ya mtu tu ndivyo vinavyostahili kutazamwa. Mpini mzuri wa jembe ni mgumu kuchonga kuliko kinyago kibaya.

Pili, Bujora. Mahali hapo pako Kisesa, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, na kutoka Usagara si mbali kwa mtu atakaye kujifunza. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada wa shirika la Mapadri Weupe, alikaa hapo na kuzipenda ngoma na desturi za Wasukuma. Kanisa lilijengwa kwa kufuata namna ya nyumba ya mviringo ya Kisukuma, na mwaka 1968 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa. Humo zimewekwa ngoma za watemi, viti na vyombo vya watu wa kawaida, na vitu vya vyama vya ngoma. Hata jengo moja limepewa umbo la kiti cha enzi. Kazi ile ilifanyika papo hapo, kati ya watu wenye vitu, na vitu havikupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma aweza kukiona kiti cha mtemi na jioni akarudi kumwuliza babu yake maana yake.

Tatu, sokoni na kwa wachuuzi wa vitu vya zamani. Hapa ndipo penye hatari mbili, na yampasa mwanafunzi azijue zote.

Hatari ya kwanza ni uongo. Kitu kipya chaweza kuvalishwa uzee. Mti mweupe hupakwa dawa ya viatu ukawa mweusi, ukaitwa mpingo. Lakini mpingo wa kweli ni mzito hata kipande chake kikitiwa majini huzama, nao huwa mweusi ndani ya kiini tu. Ganda lake la nje ni la rangi ya njano iliyofifia. Tena kitu kilichotumika huchakaa mahali pa kutumika. Mwiko huisha upande mmoja, kwa kuwa mpishi ana mkono wake wa kukorogea. Kigoda hung'aa penye kukaliwa, na miguu huisha chini. Kikionekana kitu kilichochakaa sawasawa pande zote, hata pembeni ndani ambako mkono haufiki, mtu na ashuku kwamba uzee wake ulifanywa kwa siku moja. Mwanafunzi ajifunzaye kwa kitu cha uongo atajifunza uongo.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni wizi. Mwaka 1984 vitu viliibiwa katika makumbusho ya taifa ya Dar es Salaam, na kimojawapo kilikuwa kinyago cha kuvaa cha Wamakonde, kiitwacho lipiko. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa huko Paris, kikawa mali ya makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, katika nchi ya Uswisi. Mazungumzo ya kukirudisha yalichukua miaka mingi, na hata mwaka 2010 ndipo kiliporudi Tanzania. Miaka 26 kilikuwa mbali na watu wake. Na afikiri msomaji: kama walinunua watu wenye elimu na mali, wakapata kitu cha wizi, kijana mwenye shilingi chache atasalimikaje asipouliza, "Kitu hiki kimetoka kwa nani?" Mchuuzi asiyeweza kujibu swali hilo asinunuliwe kitu, hata bei yake ikiwa nyepesi. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuvipeleka nje ya nchi vitu vya kale pasipo kibali. Sheria hiyo haikutungwa ili kumsumbua mwanafunzi. Yamlinda, ili asije akaamka siku moja akakuta hakuna tena cha kutazama.

Lakini wizi hauko sokoni peke yake. Uko wizi wa upole, ufanyikao kwa tabasamu. Kijana aingia nyumbani kwa bibi kizee asiyejua thamani ya bakuli lake la mti. Ampa sabuni na kilo ya sukari, alichukua bakuli, na bibi amshukuru. Hakuna aliyepigwa wala kudanganywa kwa maneno. Hata hivyo bibi yule ameondolewa kitu cha mama yake, na wajukuu wake wameondolewa somo lao, naye kijana ajua moyoni mwake kwamba angeogopa kama watoto wa bibi wangefika wakati ule. Hofu hiyo ni shahidi wa kutosha. Kama ni lazima kununua, na anunue mbele ya jamaa ya mwenye kitu, kwa bei ambayo haoni haya kuitaja. Na vitu vya matambiko, au vitu ambavyo mwenyewe asita kuvitaja, aviache palepale.

Lakini mara nyingi kununua hakuhitajiki kabisa. Mwanafunzi hahitaji kitu kiwe mali yake, ahitaji kukijua. Kwa kazi hiyo zatosha penseli, karatasi, rula, bikari na uzi. Uzi huzungushwa penye unene, kisha hupimwa juu ya rula. Kitu kichorwe mbele, ubavuni, juu na chini, na vipimo viandikwe kando ya kila mstari. Kisha yaandikwe maneno haya: ni kitu gani na huitwaje kwa lugha ya mahali hapo, ni cha nani, kilichongwa na nani na wapi, kama yajulikana, ni mti gani, kilitumika kwa kazi gani, na siku kilipochorwa. Kitu kilichopoteza habari hizi kimepoteza nusu ya mafundisho yake. Kiti bila jina la aliyekikalia ni ubao wenye miguu.

Njia hii si mpya. Huko Uganda, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vitu vya makumbusho ya Uganda vilihamishiwa Makerere, vikawa karibu na wanafunzi. Naye pamoja na Klaus Wachsmann walikusanya habari za vikapu, viti, vyungu, ngoma na vyombo vingine vya watu wa Uganda, vikachorwa na kuelezwa katika kitabu kilichotoka mwaka 1953. Vitu vingine katika hivyo huenda vimekwisha kuoza au kuungua; michoro yake haijaoza.

Wengine huogopa kwamba mtu akitazama mno vya kale atakuwa mtumwa wa kale, asiweze kubuni jipya. Jibu lao liko Kampala. Gregory Maloba, aliyesoma na kisha kufundisha katika shule ileile ya Makerere, ndiye aliyefanya mnara wa ukumbusho wa uhuru wa Uganda mwaka 1962: mama amwinuaye mtoto, na mtoto ainua mikono juu. Kazi hiyo si nakala ya kitu cho chote cha kale. Aliyejifunza kusoma hasomi kitabu kimoja milele. Kadhalika aliyejifunza kusoma mti ataandika maneno yake mwenyewe juu yake.

Shule nazo zina wajibu. Si lazima shule ya kijijini ijenge nyumba ya makumbusho. Rafu moja katika darasa yatosha, iwekwe vitu vilivyoazimwa kwa wazazi kwa muda, kila kimoja na karatasi yake, na daftari ya kuandika kilipokuja na kiliporudi. Mtoto akileta kinu cha bibi yake kilichopasuka, wenzake wakakichora na kukipima, siku ya kukirudisha bibi yule atakiweka mahali pazuri kuliko mwanzo. Maana ameona kwamba watu waliosoma wamekiheshimu.

Tumrudie kijana wa Usagara? Habari zake ni fupi. Alikichora kigoda cha babu yake pande zote, akakiacha pale pale mlangoni. Akatafuta gogo jingine, akaliweka kivulini, akaziba vichwa vyake, akangoja miezi. Wenzake walimcheka kwa sababu ya kungoja huko. Ndipo akachonga kigoda cha miguu mitatu, kizito penye miguu na chepesi katikati, na ukingoni akaweka nakshi ambayo babu yake hakupata kuiona mahali po pote. Alipomaliza akampelekea mzee. Mzee hakusifu neno. Alikipokea kwa mikono miwili, na kabla ya kukikalia alikigeuza.